Mwenzi Wako Anauza Programu za Simu? Kaeni Chini Kwanza

Saa nane za usiku. Unageuka kitandani, unapapasa upande wa pili, hola. Unaona mwanga wa buluu ukitokea sebuleni, unasikia vidole vinagonga gonga taratibu. Kama una wivu hata kidogo, moyo unaanza kwenda mbio. Anachati na nani saa hizi?

Mimi yalinikuta mwaka 2022. Nilinyata mpaka mlangoni nikiwa nimejiandaa kwa vita. Nikamkuta mume wangu kajifunga msuli, kikombe cha chai kimepoa pembeni, macho yamemtoka kwenye kompyuta iliyojaa maandishi ambayo mimi, na digrii yangu ya mawasiliano, sikuelewa hata mstari mmoja.

"Unafanya nini?"

"Natengeneza programu ya simu, mke wangu. Ya kuweka hesabu za michango ya harusi. Nani kaahidi, nani katoa, nani anatukwepa. Fikiria, watu elfu kumi tu wakinunua kwa dola mbili..."

Hakumalizia, alikuwa ameshaanza kujenga ukuta kwenye kiwanja ambacho hata hatujakinunua. Nikacheka. Nikashukuru Mungu kwamba si nyumba ndogo, nikarudi kulala. Sikujua kwamba mapenzi ya mtu na programu yake nayo yana gharama, na nyingine analipa mwenzi wake bila kuulizwa.

Mpenzi msomaji, siku hizi karibu kila ofisi ina kijana mmoja anayefanya kazi ya mwajiri mchana na ya kwake usiku. Kama kijana huyo ni mumeo, mkeo au mchumba wako, makala haya ni yako.

Duka lenyewe likoje?

Kwa wale ambao simu kwao ni kupiga na kutuma pesa basi, ngoja niwape picha. Tarehe 10 Julai 2008 kampuni ya Apple ilifungua duka lake la programu, App Store, likiwa na programu zipatazo 500. Oktoba mwaka huo huo Google nayo ikafungua la kwake, Android Market, ambalo Machi 2012 lilibadilishwa jina na kuwa Google Play. Kabla ya hapo, mtu mmoja mwenye wazo zuri alikuwa na kazi ya kubisha hodi kwenye makampuni ya simu akibembeleza. Baada ya hapo angeweza kukaa chumbani kwake, akatengeneza kitu chake, akakipanga kwenye rafu moja na makampuni makubwa ya dunia.

Tamu, sio? Tatizo ni kwamba meza hiyo haikodishwi bure. Google inatoza dola 25 mara moja unapojisajili. Apple inatoza dola 99 kila mwaka, uuze usiuze. Halafu kila unachouza, mwenye duka anakata chake. Kwa miaka mingi kiwango kilichozoeleka kilikuwa asilimia 30. Kelele za wauzaji zilipozidi, Apple ikaanza kutoza asilimia 15 tangu 1 Januari 2021 kwa wale wanaoingiza chini ya dola milioni moja kwa mwaka, ila sharti uombe mwenyewe kuingizwa kwenye mpango huo. Google ikafuata 1 Julai 2021, asilimia 15 kwa dola milioni moja za kwanza za kila mwaka. Viwango hivi hubadilika, kwa hiyo soma mkataba wa siku unayojisajili, usitegemee ya kuambiwa.

Sasa tupige hesabu ya dola mbili, ile iliyokuwa inamnyima usingizi mume wangu. Kwa makato ya asilimia 30 unabaki na dola 1.40. Kwa asilimia 15 unabaki na dola 1.70. Hapo hatujagusa kodi ya serikali. Maana yake, hata kwa makato madogo, unahitaji wateja 15 ili tu kurudisha ile ada ya Google, na wateja 59 kila mwaka kurudisha ya Apple. Umeme, intaneti na usingizi wako havimo.

Mtu akikwambia "wateja 59 si kitu", mwambie ajaribu.

Wateja saba

Siku programu ilipoingia dukani tulinunua soda na kuku wa kuchoma. Mume wangu alikuwa anaifungua simu kila baada ya dakika tano kuangalia idadi, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa kidato cha nne.

Wiki ya kwanza walinunua watu saba. Mmoja mimi. Mmoja wifi yangu, ambaye ilibidi aazime kadi ya benki ya rafiki yake, kwa sababu pesa yake yote iko kwenye simu. Mmoja shemeji. Wanne waliobaki hatuwajui, na Mungu awabariki, isipokuwa mmoja aliyetupa nyota moja na kuandika, "Nimelipia haifunguki." Maneno mawili tu. Mume wangu hakula siku ile.

Nilipomuuliza kwa nini watu hawanunui wakati harusi hapa mjini ni kila Jumamosi, alinijibu kitu ambacho sijakisahau. "Dukani hakuna anayeitafuta programu yangu. Watu wanaandika wanachokitaka, halafu duka ndilo linaamua liwaonyeshe ya nani kwanza. Mimi niko rafu ya chini kabisa, nyuma ya magunia."

Hayo ndiyo malalamiko ya watengenezaji wadogo karibu kila mahali. Duka limewafungulia mlango, ila kuitwa na wateja ni habari nyingine.

Hata kizuri kinaibiwa mwanga

Unaweza kusema labda programu ya mume wangu haikuwa nzuri. Sawa, nakubali, mimi ni mkewe na siwezi kuwa shahidi. Basi tuwaangalie wenzetu wa Marekani, Asher Vollmer na Greg Wohlwend.

Hawa vijana wawili walitumia kama miezi 14 kutengeneza gemu ya namba iitwayo Threes. Unasukuma vigae, namba zinazolingana zinaungana na kuwa kubwa zaidi. Ukiitazama unaona kama kitu cha wiki moja. Wenyewe baadaye waliweka hadharani barua pepe walizokuwa wakiandikiana, mamia kwa mamia, wakibishana rangi gani, kanuni gani ibaki, ipi itupwe. Ilitoka 6 Februari 2014 kwa dola 1.99, ikasifiwa sana.

Wiki chache tu baadaye, wengine wakatoa gemu inayofanana nayo, ya bure, ikiitwa 1024. Machi mwaka huo huo kijana wa Kiitaliano wa miaka 19, Gabriele Cirulli, akatengeneza 2048 katika siku za mwisho wa wiki, akaiweka kwenye intaneti bure na kuruhusu yeyote aichukue. Kijana huyo hakuwa na nia mbaya na hakutaka utajiri. Lakini wengine waliichukua, wakaipeleka kwenye maduka ya simu na matangazo juu yake, na dunia nzima ikaicheza. Watu wakawa wanaiona Threes wanasema, "Aah, hii si imeiga 2048?"

Jamani! Miezi 14, halafu unaitwa mwigaji wa waliokuiga.

Threes haikufa. Mwaka huo ilipata tuzo ya ubunifu ya Apple, na Apple hao hao wakaichagua kuwa gemu bora ya iPhone ya 2014. Mwaka 2015 nao wakatoa toleo la bure lenye matangazo. Lakini somo liko wazi. Kanuni ya gemu ni wazo, na wazo halina hatimiliki kama kiwanja. Ukiuza kwa dola mbili kitu ambacho jirani anaweza kukitoa bure, wateja wengi hawataangalia nani alianza. Wataangalia bei.

Na hapo ndipo nilipokuta salio limepungua

Sasa nirudi nyumbani kwangu, maana aibu ya ndani ndiyo yenye mafunzo.

Sisi tuna akaunti ya pamoja ya kiwanja. Tulikuwa tunalenga kule Bunju. Siku moja nikaenda benki kwa shughuli nyingine kabisa, nikaomba salio. Laki sita haipo.

Nilifika nyumbani kimya. Wanawake mnajua, kimya kile ambacho mwanaume akikisikia anaanza kuosha vyombo mwenyewe. Baada ya chakula nikamuuliza. Hakukataa. Simu mbili za mtumba za kufanyia majaribio, baada ya yule bwana wa nyota moja. Kijana wa kuchora nembo. Na iliyobaki yote alilipia matangazo ya intaneti ili programu itoke nyuma ya magunia.

"Nilitaka irudi kabla hujajua."

Kauli hii, wapendwa, imevunja ndoa nyingi kuliko nyumba ndogo zote za mjini. Laki sita tungeitafuta tena. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa na mshirika wa biashara kitandani pake, na mshirika huyo hakuambiwa.

Nilimuuliza swali moja tu. "Ingefanikiwa, ungeniambia lini?" Akanyamaza.

Mafanikio nayo yana kelele zake

Swali hilo si la kwangu peke yangu. Kuna kisa cha Dong Nguyen, kijana wa Hanoi, Vietnam. Mei 2013 aliweka dukani gemu ndogo ya ndege anayepita katikati ya mabomba, Flappy Bird. Miezi ikapita, hakuna aliyeishughulikia. Halafu Januari 2014 ikalipuka na kushika namba moja kwenye duka la Marekani. Ilikuwa bure, pesa ilitoka kwenye matangazo, na wakati huo iliripotiwa kwamba anaingiza dola 50,000 kwa siku. Soma tena, kwa siku.

Na yeye? Alikuwa bado anaishi na wazazi wake. Jarida la Rolling Stone lilisimulia mwaka 2014 kwamba wazazi hao walijua mtoto wao ndiye aliyetengeneza gemu hiyo pale sura yake ilipojaa kwenye magazeti na televisheni. Simu hazikukatika, waandishi wakapiga kambi, wengine wakamtukana mtandaoni kwamba gemu imewaharibia maisha. Mwanzoni mwa Februari 2014, ikiwa bado inaongoza, akaiondoa dukani mwenyewe. Alisema imemharibia maisha yake ya kawaida, na kwamba haikuwa imekusudiwa kuwafanya watu wawe watumwa wake.

Wengi walimwita mjinga. Mimi nikiwaza zile simu na yale matusi, namwelewa. Mtu aliyelibeba jambo peke yake wakati wa njaa, neema ikija pia inamkuta peke yake.

Aliyesubiri miaka minne na nusu

Mfano wa upande wa pili ni Eric Barone wa Seattle, Marekani. Alimaliza chuo mwaka 2011 na shahada ya kompyuta, akakosa kazi, akaanza kutengeneza gemu ya mkulima wa kijijini, Stardew Valley. Michoro yeye, muziki yeye, hadithi yeye. Ilimchukua miaka minne na nusu hivi. Katika kipindi hicho alikuwa anashika kibarua cha kuonyesha watu viti kwenye ukumbi wa maonyesho, na mpenzi wake, aliyekuwa anaishi naye, ndiye aliyekuwa akibeba sehemu kubwa ya gharama za nyumba kwa kazi zake.

Gemu ilitoka Februari 2016 kwenye kompyuta, ikaingia kwenye iPhone Oktoba 2018 na kwenye simu za Android Machi 2019. Kwenye simu aliiuza kwa bei ya kulipa mara moja, bila matangazo. Kufikia Desemba 2024 nakala milioni 41 zilikuwa zimeuzwa kwenye vifaa vyote kwa pamoja.

Lakini msinielewe vibaya. Simpi kisa hiki mtu yeyote ili akamwambie mkewe, "Unaona? Vumilia miaka mitano." Kwa kila Barone mmoja wapo wengi waliosubiriwa na hakuna kilichokuja. Nimemleta kwa sababu moja. Yule dada alijua. Alijua kinachofanyika usiku, alijua nani analipa kodi ya nyumba na kwa nini. Alivumilia kitu anachokiona.

Tulivyokubaliana sisi

Ilituchukua wiki mbili kuzungumza bila kupandishiana sauti. Tulichokubaliana ni hiki, na nakuandikia kama kilivyo. Chukua kinachokufaa.

*1. Siku zijulikane.* Usiku wa programu kwetu ni Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine kompyuta inalala na sisi tunalala. Ukiniambia kazi ya ubunifu haina ratiba, nitakwambia hata mtoto hana ratiba na bado tunamlea.

*2. Pesa ya programu iwe na mfuko wake.* Weka kiasi ambacho kikipotea hamtagombana. Akaunti ya kiwanja, ada ya mtoto na kodi ya nyumba haviguswi. Kumbuka pia pesa ya duka haiji siku hiyo hiyo. Google kwa kawaida hulipa katikati ya mwezi unaofuata, na Apple inaweza kufika siku 45 baada ya mwezi wao wa hesabu kuisha. Usiahidi mtu deni kwa mauzo ya leo.

*3. Chagueni mapema italeta pesa kwa njia gani.* Kuuza, matangazo, au malipo ya kila mwezi. Mume wangu aliacha kuuza, akaifanya ya bure yenye matangazo. Ila naye akakutana na jingine, matangazo ya Google hayalipwi mpaka ufikishe dola 100. Sisi ilituchukua miezi minane.

*4. Wekeni tarehe ya kusimama na kutathmini.* Sisemi tarehe ya kuacha. Siku ya kukaa na daftari, kuangalia kilichoingia na kilichotoka, na kuamua kwa pamoja kama safari inaendelea. Ndoto isiyo na tarehe huwa inageuka mgeni wa kudumu, anakula tu.

*5. Mwenzi awe mteja wa kwanza, na aseme kweli.* Mimi ndiye niliyemwambia kwamba mama mkwe hawezi kuisoma ile rangi yake ya kijivu. Alikasirika kwa siku moja, akabadilisha. Na anayefungua akaunti binafsi Google Play sasa anamhitaji mwenzi zaidi. Kwa akaunti zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023, kabla ya kuruhusiwa kuiweka programu hadharani, lazima watu waijaribu kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitaka watu 20, Desemba 2024 wakapunguza hadi 12. Hao 12 utawatoa wapi kama si kwa ndugu, mashoga na wenzako wa ofisini? Mnaona sasa kwamba hii si biashara ya mtu mmoja?

Tumefika wapi?

Najua mnataka kusikia kwamba tumehamia Bunju. Hapana. Zile dola 100 za kwanza zilipofika tulinunua umeme wa LUKU wa kutosha, tukatoka kwenda kula nyama choma, na iliyobaki ikarudi kwenye akaunti ya kiwanja. Haikufika hata nusu ya laki sita. Deni bado analipa, kidogo kidogo, na mimi naandika kwenye daftari.

Kilichotushangaza ni kwamba pesa nyingine imekuja kwa mlango wa pembeni. Watu wa kamati za harusi walioiona programu walimtafuta wenyewe, wakitaka awawekee hesabu zao na awatumie wachangiaji ujumbe. Hao wanalipa kwa simu, siku hiyo hiyo, na hakuna anayekata asilimia 15 katikati. Siku hizi mume wangu analiona duka kama bango la barabarani. Linamtangaza, ila chakula anakitafuta kwa mikono yake.

Juzi niliamka tena usiku. Nikapapasa upande wa pili, hola. Mwanga wa buluu sebuleni, vidole vinagonga gonga. Nikakumbuka ni Ijumaa.

Nikavuta shuka, nikalala.